Ufuta wa Nyuma ya Jiko

6 Januari

Shangazi yangu Mama Ungo,

Shikamoo, na hii ni ya mwezi mzima ambao sijakuandikia, kwa hiyo uigawe polepole. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Chumba nilichopanga kina dirisha moja tu, linatazama ukuta wa jirani, lakini jirani kapaka ukuta wake rangi ya njano, basi kila nikiamka nadhani jua limetoka. Nimenenepa kidogo. Usianze.

Baba hajambo? Magoti ya mama je? Na ile simu yako iliyotumbukia kwenye debe la mafuta, bado inaongea kama mtu mwenye mafua? Nilijaribu kukupigia wiki iliyopita nikasikia mabubujiko tu, nikakata. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Halafu nakujua, barua unaipenda zaidi, maana unaweza kuisoma mara tatu na kunisema mara tatu.

Haya, jambo lenyewe. Mkuu wa kituo chetu cha mbegu amenikabidhi kazi ya ufuta. Tunakusanya ufuta wa zamani kutoka kwa watu mbalimbali, tunaupanda vitalu kwa vitalu, halafu tunautazama kila kitu: urefu, matawi, idadi ya viganda kwenye shina, kama viganda vinapasuka mapema na kumwaga mbegu chini, uzito wa mbegu, na mafuta yanayotoka. Ufuta wa dukani siku hizi ni mmoja kila mahali. Ugonjwa ukiingia, au maji yakituama shambani, unaanguka wote kwa pamoja. Sisi tunatafuta ufuta wenye watu wa kila namna ndani yake, tuuchanganye damu na ule wa dukani.

Mwisho wa msimu kutakuwa na kikao. Aina chache zitabaki, zitahifadhiwa kwenye chumba cha baridi na kupandwa mwaka hadi mwaka. Nyingine zitatolewa, basi.

Nimeufikiria wa kwetu, Shangazi. Ule wa bibi. Kila kitalu kina kibao chenye jina la aliyeleta mbegu, na mimi nataka kukiona kimoja kimeandikwa Mama Ungo. Nitumie kikombe kimoja tu cha ufuta wa nyumbani.

Nakukumbatia mpaka ulalamike,
Chiriku wako


2 Februari

Chiriku,

Marahaba, na nyingine weka akiba ya siku utakayosahau kunisalimia. Sisi huku wazima. Magoti ya mama yako yanatabiri mvua kuliko redio. Baba yako, kaka yangu, naye mzima. Siku hizi ana rafiki mpya, mnunuzi mmoja wa ufuta mwenye pikipiki, wanakaa barazani wanaongea mpaka chai inapoa. Ya shamba tutaongea siku nyingine.

Unenepe mwanangu, unenepe. Nani alikwambia nitakusema? Ila usipite mlangoni kwa ubavu.

Najua umeingoja barua hii mpaka umechoka. Nilikuwa na kazi. Kazi yenyewe iko ndani ya huo mfuko wa kitambaa, nimeushona kwa mkono na mdomo wake nimeufunga kwa uzi mwekundu. Usiufungue chumbani peke yako. Ufungue mbele ya wakubwa wako wote, wakiwa wamekaa. Nataka waone ufuta unaotoka kwenye nyumba ya watu.

Na hiyo chupa ni mafuta, nimekukamulia kwa mashine yangu ile ile. Usiyafiche kabatini kama dawa, yatumie.

Jina langu kwenye kibao! Nimeshamwambia kila mtu sokoni, hata muuza chumvi ambaye hatusalimiani. Mimi sina mtoto wa kuzaa, unajua, wala sijawahi kuona jina langu popote isipokuwa kwenye kitambulisho, na huko nako wamelikosea. Ukinitia uchungu kwa hicho kibao, nitakuja huko nikuchape mbele ya mkuu wako.

Nakupenda, na kula,
Shangazi


18 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Tumekuwa mashambani tangu asubuhi hadi jioni, na nikirudi chumbani nalala na viatu. Jirani wa ukuta wa njano amenunua mbwa asiyebweka, ananitazama tu. Mimi naye tumezoeana.

Mfuko niliufungua kama ulivyoagiza, mbele ya wote, wamekaa. Mkuu wetu, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, aliuchota ufuta akaupitisha kwenye vidole akauliza, "Huu umeoshwa?" Kila mtu alitaka kuushika. Mweupe, mnene, hauna hata jani. Niliona fahari, Shangazi, nikasema kwa sauti kwamba aliyeutuma ndiye aliyenilea.

Mafuta yako nayatia kwenye kila kitu, hata mkate. Yana harufu ya nyumba yetu. Siku ya kwanza nilipofungua chupa nilikaa kitandani nikatokwa na machozi kidogo, halafu nikala mkate wote.

Kitalu chako kimeota vizuri. Kimesimama vizuri. Mengine ni mapema kusema. Kibao kipo, maandishi meusi, na jina hawajalikosea.

Na nyinyi mmepanda? Hujaniambia habari za shamba. Ufuta wa bibi umeotaje mwaka huu?

Msalimie baba, mwambie awe anachaji simu yake.

Chiriku wako


9 Mei

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Mvua imetuchosha, nguo hazikauki, mashine ya kukamulia imeanza kupiga kelele mpya. Mama yako kashona shuka za wageni ingawa hakuna mgeni. Baba yako amenunua buti za mpira na anatembea nazo mpaka chumbani.

Shamba limeota. Limeota vizuri sana, mistari imenyooka.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma, nikairudia, nikampa mama yako naye akaisoma. Mbwa nimemwelewa. Mkate nimeuelewa. Kitalu changu "kimesimama vizuri." Halafu? Mtu akija kuposa, ukauliza habari zake, wakakwambia anasimama vizuri, utamwoza binti yako? Nilikulea mimi. Ulikuwa unaongea mpaka usingizini, ndiyo maana tukakuita Chiriku, na ukinyamaza huwa kuna kitu kimevunjika na vipande vyake viko chini ya kitanda.

Niambie kina viganda vingapi. Niambie cha jirani kina vingapi. Niambie kama mkuu wako anapita pale anasimama au anapita tu. Siombi kusifiwa, naomba kujua.

Hata hivyo nashukuru kwa mafuta kukuliza. Ndiyo kazi yake.

Shangazi yako anayesubiri


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote huku salama, mbwa hajambo. Nimeianza barua hii nikaiacha mara nyingi, leo naimaliza hata nikifa.

Kitalu chako kina shida. Si shida ya ugonjwa. Mimea yote ina urefu mmoja, imetoa maua wiki moja, shina moja bila matawi, mbegu nyeupe tupu. Tulipeleka majani maabara wakatazama vinasaba, yaani ule urithi mmea unaoupokea kutoka kwa wazazi wake. Fundi wa maabara alicheka, akaniambia, "Shangazi yako kaleta pacha watupu." Mavuno yake si mabaya, ni ya katikati. Lakini ya katikati tunayo tele. Tulichokuwa tunatafuta ni tofauti, na kwenye kitalu chako hakuna tofauti.

Vitalu vya watu wengine ni vurugu tupu: mrefu kwa mfupi, mweusi kwa mweupe, huyu kabeba viganda vitatu kila pembe ya jani, yule kimoja. Mkuu akifika pale anasimama. Kwako anapita.

Kikao ni mwezi ujao mwishoni, na jina lako liko upande wa watakaotolewa. Nimelia, Shangazi. Nimelia chooni kazini, nikanawa, nikarudi kupima mbegu. Nilikuwa naogopa kukwambia kwa sababu ya muuza chumvi na watu wote wa sokoni.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Shamba letu mimi nalikumbuka. Kulikuwa na ufuta wa kahawia, kulikuwa na mweusi, kulikuwa na ule wenye matawi uliokuwa unanishika gauni. Wako wapi wale wote? Naomba unijibu bila kukasirika: ule ufuta uliuchagua kabla ya kunitumia?

Chiriku


8 Julai

Wewe Chiriku,

Unaniuliza mimi kama niliuchagua?

Tangu lini kitu kikatoka kwenye nyumba hii bila kupita kwenye ungo? Umelelewa wapi wewe? Mbegu ya kupanda tunaimwaga shambani ilivyo, hilo ni letu wenyewe, nani anatuona. Lakini cha kutoka nje ya mlango, cha kwenda kwa watu, kinapepetwa, kinachambuliwa, ndipo kinafungwa. Hata chumvi ya kuazima tunaitoa mawe kwanza. Nilikaa mlangoni na miwani ya baba yako puani, nikachagua mbegu moja moja mpaka shingo ikakataa kugeuka. Nyeusi nilitoa. Za kahawia nilitoa. Ndogo nilitoa, zilizokunjamana nilitoa. Nilisema mwanangu hatachekwa mbele ya wakubwa.

Kumbe nilikuwa nawatoa wale wale uliokuwa unawataka.

Na unataka kujua walikokwenda? Nilizikamua, mwanangu. Mabaki yote ya ungo niliyatia kwenye mashine, maana yale ndiyo yenye mafuta matamu, nikajaza chupa nikakutumia. Umeupaka kwenye mkate ufuta wa bibi yako ukaumaliza. Nimecheka nilipoelewa, halafu nikaacha kucheka.

Sasa na mimi nikwambie langu, maana tumeshavuana nguo. Ufuta wetu haupo shambani. Yule mnunuzi wa pikipiki anataka mweupe mtupu, wa aina moja, na analipa vizuri, basi baba yako kanunua mbegu za mfuko akapanda shamba lote. Lote, mpaka kule bondeni. Aliniuliza, sikumkatalia. Na wewe uliponiuliza nikakujibu mistari imenyooka. Nilijiambia, kaka apande atakacho, ufuta wa mama uko salama kwa Chiriku, una kitalu, una kibao. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikutumia wote uliokuwa umebaki, isipokuwa ule niliokamua.

Kwa hiyo ukitolewa huko, umekwisha. Hakuna mwingine. Mama yangu alinikabidhi ule ufuta kwenye kibuyu, na mimi nimeumaliza kwa usafi. Nina uchungu, siwezi kukudanganya. Ungo nimeutundika ukutani naupita kama mtu tuliyegombana.

Usilie chooni tena. Lia kwenye ofisi ya mkuu wako, labda atafanya kitu.

Mimi najishughulisha. Nimefagia nyumba yote, nimepanga madebe, na nyuma ya jiko kumekuwa pori, wiki hii au ijayo nitalifyeka.

Shangazi


13 Julai

SHANGAZI, USIFYEKE NYUMA YA JIKO!

Shikamoo itafuata. Weka panga chini kwanza.

Hilo pori ni pori la nini? Ni ufuta, sivyo? Nikiwa mdogo nikikukosea ulikuwa unanituma pale kung'oa ule ufuta ulioota wenyewe, na kila mvua ukirudi unanituma tena. Nilidhani unakuja kwa ajili ya kunikomoa mimi. Shangazi, pale ndipo unapopepetea! Pale ndipo bibi alipopepetea! Kila ulichokikataa kwenye ungo, sehemu kimekwenda kwenye mashine na sehemu kimeruka kikaanguka pale, mwaka baada ya mwaka. Umekuwa ukipanda bila kujua. Wale weusi wako pale, na wa kahawia, na yule wa kunishika gauni.

Nimempigia baba, simu imezimwa, kama kawaida. Nimempigia mama, anasikia ila hanielewi, anasema atakwambia nimesema nakula vizuri. Barua hii nimempa dereva wa lori letu la mbegu anayepita barabara ya kwenu, kaniahidi ataifikisha mlangoni.

Nimekwenda kwa mkuu. Nimelia ofisini kwake kama ulivyoagiza. Amesema mbegu zikifika kabla kikao hakijafungwa, atatupa nafasi msimu ujao. Kama hazikufika, hana la kufanya.

Subiri viganda vya chini vianze kugeuka njano, kata, weka vyote guniani, kausha juu ya turubai, piga kwa fimbo, basi. Usipepete. Usichague. Nakupigia magoti, Shangazi, najua ninachokuomba. Uchafu wote uje.

Chiriku wako anayetetemeka


30 Julai

Chiriku,

Shikamoo yako naona bado iko njiani. Marahaba hivyo hivyo.

Dereva wako alifika mimi nikiwa na panga mkononi. Nilikuwa nimeshafyeka upande wa bomba la maji, upande wa ukuta bado, kwa sababu mgongo ulinikatalia nikaenda kulala. Mgongo huu niliokuwa nautukana kila asubuhi ndio umetuokoa. Nimeomba radhi, nikaupaka mafuta.

Baba yako ndiye aliyeipokea barua. Aliisoma amesimama pale pale porini na buti zake, mpaka kwenye habari ya bibi yako. Halafu akaniambia, "Huu ndio uliokuwa unanichana miguu nikienda kuoga." Akaenda kuleta gunia bila kuambiwa. Tumekata pamoja, mimi na yeye, hatujafanya kazi moja kwa pamoja tangu hatujaota ndevu, yeye ndevu, mimi huu mgongo. Hata uliokuwa chini, nilioufyeka, tumeuokota, maana viganda vyake vingi vilikuwa vimeshakomaa.

Ungeuona mwanangu. Kuna mmoja mrefu kunipita. Kuna mfupi wa matawi mengi, umekaa chini kama kuku anayelalia mayai. Kuna uliokomaa zamani umeshamwaga zake zote, na kuna mwingine bado una maua. Nimezipita mbegu hizi maisha yangu yote nikiziita takataka.

Nikakumbuka kitu. Bibi yako, macho yalipoanza kumwisha, hakuacha kupepeta. Alikuwa anakaa kwenye kile kigoda chake, anarusha, na nusu ya nzuri zinaruka pamoja na mbaya. Tuliona. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya ungo, tulimpenda mno, tukawa tunacheka tu kwamba Bi Kigoda analisha kuku wa mtaa mzima. Kumbe pale chini alikuwa anaweka kila kitu.

Basi huo hapo. Sijaupepeta. Kuna majani, vijiti, mchanga, na wadudu wawili ambao sikuwajua, nikawaacha kwa kuogopa nitaharibu. Nilipokuwa nafunga mfuko mikono iliniwasha. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Huu tafadhali usiufungue mbele ya wakubwa wako.

Na ukikubaliwa, kibao usiandike jina langu. Andika Bi Kigoda.

Dereva wako amepita tena, ananisubiri, anakunywa chai ya tatu.

Shangazi yako mchafu


2 Agosti

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mwaka umezunguka. Najua barua zangu za katikati zilikuwa za hali ya hewa na mbwa wa jirani, ukaniandikia kwamba nimekuwa kama taarifa ya redio. Niliogopa kukuahidi tena. Safari hii nilitaka kuona kwa macho yangu kwanza.

Kwanza nikiri: ule mfuko niliufungua mbele ya wakubwa. Wote, wamekaa. Mdudu mmoja alikuwa hai, akatembea juu ya meza ya kikao. Mkuu wetu asiyecheka ovyo alicheka mpaka akavua miwani. Akachota, akatazama, akasema, "Huu sasa ndio ufuta."

Lakini nafasi zilikuwa zimekwisha. Walitupa kitalu cha mwisho kabisa, pembeni, karibu na mfereji, ambako hakuna anayetaka. Nilinung'unika kimoyomoyo. Halafu mvua ya mwezi wa nne ikaja, mfereji ukajaa, maji yakatuama kwenye shamba lote la chini. Ufuta wa dukani tulioupanda kwa kulinganisha uligeuka njano, ukainama, ukafa. Na wa kwetu, Shangazi, mwingi ulikufa pia, sitakuficha. Nilisimama kwenye matope nikawa nautazama unavyoinama, sikuweza hata kula mchana.

Maji yalipokauka nikaenda tena, na wale wafupi wa kahawia, wa matawi mengi, walikuwa wamesimama. Wale wa kuku anayelalia. Majani ya kijani, maua, viganda. Hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, na kwenye shamba zima la chini hapakuwa na mwingine.

Kwa mavuno hatukuongoza. Wapo wanaotuzidi mbali, na mbegu zetu nyingine ni ndogo. Ila fundi wa maabara, yule wa pacha, amepima vinasaba akaniita nikatazame. Hakuna kitalu chenye tofauti kubwa kama kile. Ameniambia nimwombe radhi shangazi yangu kwa niaba yake.

Kikao kilikuwa jana. Tumebaki! Mbegu zimeshaingia chumba cha baridi, na zile za kahawia ndizo zitakazochanganywa damu na ufuta wa dukani mwaka huu. Mimi ndiye nitakayefanya kazi hiyo, kwa mkono wangu, ua kwa ua.

Kibao kimeandikwa kama ulivyotaka. Njoo ukione.

Nakupenda kuliko mkate wenye mafuta,
Chiriku wako


20 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba tatu, zote nimezipokea kwa mikono miwili.

Mama yako anakusalimu, anaulizia huyo mbwa. Baba yako mwaka huu bondeni kwake maji yamekaa, ufuta wa mfuko umekufa kama ule wenu, amevuna wa juu tu. Juzi kaja jikoni, kasimama mlangoni na buti zake, anatazama dari. Nikamwambia, "Kaka, sema." Akasema anaomba mbegu kidogo za nyuma ya jiko, za kupanda kule bondeni. Nikamwambia aombe vizuri. Akaomba vizuri. Juu atapanda mweupe wa mnunuzi, sina ugomvi, pesa nayo tunaihitaji. Pale nyuma ya jiko amejenga uzio mwenyewe, na ole wa kuku atakayeonekana.

Fundi wako wa maabara mwambie nimemsamehe, ila akioa aniarifu, kuna maneno nitamwambia mkewe.

Nakuja. Nimekata tiketi ya mwisho wa mwezi. Ungo nauacha nyumbani, usiogope. Lakini tukifika kwenye kile kitalu usiniache peke yangu, mikono hii sina imani nayo, nikiona mmoja uliokunjamana naweza kuuchomoa kabla sijajijua. Unishike mkono kama ulivyokuwa unanishika ulipokuwa mdogo tukivuka barabara.

Halafu unisogeze mpaka kwenye kibao. Miwani ya baba yako nakuja nayo. Mama, bibi yako, hakujua kusoma, na jina lake halikuwahi kuandikwa mahali popote, hata kaburini tuliweka jiwe tupu. Nataka nisimame pale nimsomee kwa sauti.

Shangazi yako